Ukuta Uliojibu Maswali

Waliokuwepo kwenye nyumba ya kale ya wamisionari pale Matema ni hawa: mwalimu mstaafu wa Ipinda, mama mfinyanzi wa Kikisi na kapu lake la vyungu, mzee mkulima wa kakao kutoka Bujonde, msimamizi wa nyumba, na mimi. Mwongoza wageni, binti aliyekuwa akijaribiwa kazi siku hiyo, alitoka mlangoni, akamwona yule mzee, akarudi ndani mbio.

Mzee alikuwa baba mkwe wake. Kwa Wanyakyusa wanaoshika desturi, mke wa mwana haonani na baba mkwe wala hasemi naye.

"Asipoongoza wageni, kesho asije," msimamizi alisema.

Mzee akaugeukia ukuta. "Ewe ukuta, matofali yako yalichomwa wapi?"

Kisha sauti nyembamba ikatoka dirishani: "Ukuta unasema, hapa hapa, kwa udongo wa ufukweni."

"Na mlango huu ni mti gani?"

"Mvule, ukuta unasema."

Mama mfinyanzi alicheka hadi akaketi chini. "Mzee, uulize ukuta kama umeolewa!"

"Umeolewa, tena kwa watu wazuri," mzee akajibu. "Ndaga, asante, ukuta. Tuendelee."

Tukaizunguka nyumba yote hivyo, sisi nje, sauti ikitufuata ndani kutoka dirisha hadi dirisha. Mwisho msimamizi naye alikuwa akiuliza ukuta maswali, na binti akapewa kazi. Nimeongozwa na wengi wenye vipaza sauti. Sijaona aliyesikilizwa kwa makini kama yeye.

Mzee alifariki Jumatatu iliyopita, nyumbani kwake Bujonde.