Matairi ya Kumshusha Mama kutoka Chawia

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo katika shamba la mkonge nje kidogo ya Voi, na mimi nilikuwa mwalimu wa watoto wa darasa la kwanza. Kabla hatujamaliza hata mwaka tangu harusi yetu, mhandisi mmoja Mzungu wa pale shambani akarudi kwao na kumwachia mume wangu gari lake. Lilikuwa gari la spoti, la kijani, lisilo na paa, lenye viti viwili tu, na lilikaa chini kiasi kwamba ukisimama kando yake unaiona sakafu yake yote. Lilikuwa limetelekezwa bandani muda mrefu, na kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha abiria.

Majirani walicheka. "Mbuzi utamweka wapi, fundi? Gunia la mahindi je?" Mume wangu aliingia bandani na spana zake. Aliifungua injini, akaisafisha, akaifunga tena, na Jumamosi moja ikanguruma mpaka kuku wakatawanyika. Kilichokuwa kimekufa kabisa ni matairi. Yalikuwa yamekauka na kupasuka, nyuzi zinaonekana.

Mimi nilipoliona gari lile nilimwaza Mama. Alikuwa Chawia, juu milimani, na magoti yalikuwa yamemshika vibaya. Nyumba yangu ya Voi alikuwa hajaiona. Kilichokuwa kikishuka kutoka kule ni lori la mboga, na siku alipojaribu kulipanda wanaume wawili walilazimika kumwinua kama gunia. Aliona aibu akarudi nyumbani. Lakini gari hili mtu halipandi. Anageuka tu na kuketi, kama anavyoketi kwenye kigoda cha jikoni.

Nikaenda Chawia kumweleza. Alisikiliza huku akikoroga ugali.

"Nani ataendesha?" akauliza.

"Mkweo."

Akauacha mwiko ndani ya sufuria. "Nikae na mkwe wangu bega kwa bega, watu wote wa Mwatate wakituangalia? Hapana, mwanangu. Siwezi kujivunjia heshima hivyo."

Baba alikuwa mlangoni akinoa jembe. "Basi mwambie binti yako aendeshe mwenyewe," akasema, akacheka sana.

Mama hakucheka. Alinitazama kwa makini. "Ukiendesha wewe," akasema, "nitakuja."

Nilirudi Voi nikamwambia mume wangu kwamba nataka kujifunza kuendesha. Nilidhani atanicheka. Alifuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Mwalimu, basi matairi tutachagua pamoja, maana usukani utakuwa mikononi mwako."

Hapo ndipo nilipojifunza kusoma tairi. Namba zimeandikwa ubavuni. Ya kwanza ni unene, ya pili ni kipenyo cha rimu, yaani kutoka ukingo mmoja hadi ukingo wa pili. Yetu yalikuwa inchi tano na robo kwa kumi na sita. Mwenye duka la vipuri pale mjini, Mhindi mmoja mchangamfu, alipoisikia hiyo tano na robo alipiga makofi kwa kicheko. "Fundi, hiyo mpaka Ulaya! Gari zote hapa ni za kubeba mizigo." Kumi na sita yalikuwepo, ila ya unene mwingine.

Msimamizi wa shamba alituruhusu tujaribu matairi ya akiba ya gari lao la mashambani, sita kwa kumi na sita. Tulipoyafunga, gari likainuka kama jogoo anayetaka kuwika. Nililipenda papo hapo. Nikaketi kwenye usukani, mume wangu kando yangu, tukaingia uwanja ulio nyuma ya banda. Moja kwa moja lilikwenda vizuri. Nilipokata kona, tukasikia krrr, krrr, na harufu ya mpira ikatujia puani. Matairi yalikuwa yakisugua madigadi, vile vibati vinavyofunika magurudumu kwa juu.

Mume wangu akaleta msumeno wa chuma. "Nikate hapa kidogo tu."

"Ukiyakata madigadi, mawe yote ya barabarani yatamrukia Mama usoni," nikasema. Akaushusha msumeno.

Na si hilo tu. Usukani ulikuwa mzito, nikizunguka uwanja mara chache mikono inachoka. Tulipojaribu mwinuko wa kuelekea Mwatate, injini ililalamika njia nzima. Mume wangu alinieleza kwamba gurudumu likiwa kubwa, kila mzunguko mmoja ni kazi zaidi kwa injini, na milima ya kwetu haina huruma. Tukayarudisha.

Yule Mhindi ndiye aliyetuambia tujaribu Taveta. Wafanyabiashara wa kule walikuwa wakileta bidhaa kutoka Moshi, na huenda walikuwa na saizi ambazo Voi hazikufika. Kabla ya kuondoka nilichukua uzi wa kufumia, tukapima nao kuanzia katikati ya gurudumu. Nikafunga fundo mahali tairi la zamani lilipoishia, na fundo lingine mahali madigadi yalipoanzia. Tairi jipya lilipaswa kuishia katikati ya mafundo hayo, si kabla, si baada.

Tulikwenda kwa treni siku ya mapumziko ya shule. Nilikaa dirishani nikila mahindi ya kuchoma, mume wangu akinifundisha gia kwa kutumia mpini wa mwavuli wangu, na mama mmoja aliyeketi mbele yetu akiuliza kama huyu bwana ni mzima.

Dukani Taveta, mwenye duka alikuwa Mwislamu wa makamo, mpole wa maneno. Alitutolea aina mbili: tano kwa kumi na sita, na tano na nusu kwa kumi na sita. Mume wangu akaiinua ile ya tano, akaizungusha mkononi. Macho yakamng'aa.

"Nyepesi hii. Gari litapanda Chawia kama swala."

"Litapanda likiwa limelaza tumbo chini," nikasema. "Umesahau mawe ya pale kona ya juu?"

"Na hii nene ikisugua tena?"

"Karibuni mketi kwanza," mwenye duka akasema, akitusogezea benchi. "Ugomvi wa mtu na mkewe haufai kufanywa wima."

Akatuletea chai na ndizi za kutoka Mahoo. Tulipokunywa nikatoa uzi wangu, nikaunyoosha kuanzia katikati ya kila tairi. Ile ya tano haikulifikia hata fundo la kwanza. Gari lingekaa chini kuliko awali. Ile ya tano na nusu ililipita fundo la kwanza kwa upana wa kidole, na nafasi nzuri ikabaki kabla ya fundo la pili.

"Rimu yetu itaishika?" nikauliza.

Mume wangu akaipima midomo ya tairi kwa vidole, akabonyeza ubavu, akafikiri. "Itaishika vizuri kabisa." Kisha akatabasamu. "Tano na nusu, mwalimu."

Mwenye duka akacheka, akatuuzia manne, akatuombea dua njema ya safari. Kwenye treni ya kurudi behewa lilijaa, basi abiria wakakalia matairi yetu mpaka Voi, wakikubaliana wote kwamba ni laini kuliko benchi za reli.

Tulipoyafunga, sikuthubutu kupumua nilipokata kona ya kwanza. Kimya. Nikakata upande wa pili. Kimya tena. Usukani ulizunguka kwa mkono mmoja. Nikazunguka uwanja ule nikicheka peke yangu, mume wangu akinikimbilia nyuma akipiga kelele, "Klachi! Kanyaga klachi!" Nilijifunza kila jioni baada ya shule, na nilipopata leseni wanafunzi wangu waliimba darasani bila kuambiwa.

Jumamosi tuliyopanda Chawia, mume wangu alikaa kiti cha abiria akiwa ameshika mlango kwa nguvu. Kwenye kona ya mawe nilipunguza mwendo. Tulisikia majani yakikwangua chini, na jiwe moja likagusa kidogo, basi. Tukapita. Watoto walitukimbilia mpaka uani kwa Baba.

Mama alikuwa tayari, amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Aligeuka, akaketi, akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Hakuna aliyemshika. Akainua uso, akasema, "Gari hili limetengenezwa kwa ajili yangu."

Mume wangu alibaki na Baba, ashuke baadaye na lori. Sisi tukaondoka. Mama alifumba macho njia yote ya mlimani, midomo ikitembea kwa sala. Tulipofika tambarare akayafumbua, akaona mkonge umenyooka pande zote mbili, upepo unampiga usoni.

"Ongeza," akasema.

Nikaongeza. Kitambaa chake kikaruka, tukasimama nikakifuata ndani ya mkonge, yeye akicheka mpaka machozi. Pale Mwatate tulipolipita soko, akanigusa mkono.

"Rudi nyuma. Yule muuza ndizi hakuniona."

Nikageuza gari, nikapita sokoni tena polepole, Mama ameketi wima akisalimia watu kwa mkono mpaka muuza ndizi akasimama na kupiga vigelegele.

Mume wangu alifika jioni akiwa juu ya kabeji, nguo zimejaa vumbi. Mama alikuwa amekwisha kuona kila chumba cha nyumba yangu, hata stoo. Bila kumtazama mkwewe, kama ilivyo adabu, aliniambia, "Mwambie amefanya kazi nzuri."

"Mwambie Mama asante," akajibu akiwa nje ya mlango, huku amesimama hapo hapo na angeweza kumwambia mwenyewe.

Mama alikaa nasi mpaka mvua zilipokaribia. Kila Jumapili nilimpeleka kanisani kwa gari, ingawa kanisa lilikuwa karibu kuliko kisima, na alikuwa akinihimiza tutoke mapema ili watu wawe bado wamesimama nje.