Nilivyowasingizia Kuku wa Mama Mkwe

Binti yangu alikuwa na miaka miwili alipopata homa iliyogoma kushuka. Hospitalini walikuta maambukizi kwenye mkojo, na bakteria waliokuwamo hawakujali dawa mbili za kwanza. Alilazwa wiki nzima kwa sindano kali, akapona.

Kazi yangu hapa Kigali ni ya maabara. Nasoma vinasaba vya bakteria wa tumboni walio sugu kwa dawa, hao hao wanaoweza kuingia kwenye mkojo, ili tujue nani anafanana na nani. Kwa hiyo niliona sina haja ya kuuliza mtu. Mama mkwe alikuwa akiishi kwetu na kuku wake sita aliotoka nao shambani kwake Masaka, pembezoni mwa mji, na mtoto alishinda nao uani.

"Mama, kuku wako ndio wamemwambukiza," nilimwambia, tena mbele ya wageni waliokuja kutupa pole.

Kesho yake aliwatia kuku kwenye kapu akarudi Masaka. Mume wangu hakunisemesha siku mbili. Mimi nilisugua ua kwa dawa, nikalala usingizi mzuri.

Baadaye mradi wetu ulianza kuchukua sampuli za kinyesi kwenye kaya zenye watoto na kuku. Nilimwomba mkuu wangu atuingize, nikasaini fomu na kutoa sampuli yangu kama wengine. Nilitaka ushahidi. Mama mkwe alikubali kutoa chake na cha kuku, ila alimkabidhi mwenzangu wa maabara aliyemfuata Masaka, si mimi. Bakteria wa mtoto walikuwa bado wamehifadhiwa kwenye friza ya hospitali.

Majibu yalipotoka, bakteria wa kuku walikuwa mbali kabisa na wa mtoto. Wa mama mkwe hawakuwa hata sugu. Sampuli moja tu ilifanana na ya mtoto, tofauti ikiwa herufi chache za vinasaba kati ya mamilioni. Ilikuwa yangu.

"Labda mtoto ndiye aliyekuambukiza," mwenzangu alinifariji.

"Labda. Au mimi nilimwambukiza. Lakini kuku hawamo."

Jumamosi nilipanda pikipiki kwenye makutano ya Sonatubes hadi Masaka. Nilimkuta Mama mkwe akichambua maharage. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi, nikamwonyesha mchoro wa majibu ya maabara.

"Hii karatasi iko inasema nini?"

"Inasema bakteria wa mtoto ni ndugu wa wangu, Mama. Kuku wako nimewasingizia."

Alinirudishia karatasi. "Wewe ulikuwa na uhakika sana."

"Nilikuwa nao kabla sijapima."

"Ulinisema mbele ya watu, mwanangu. Hayo nayo uyaseme mbele ya watu."

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, niliwaita wageni walewale na yeye akiwapo. Nilisimama nikaeleza yote. Safari hii nilijua ninachokisema. Mama mkwe alitikisa kichwa kukubali, akaomba aongezwe chai.

Hakurudi kuishi kwetu. Alisema shamba lake linamtosha. Lakini binti yangu hukaa kwake likizo nzima, wala simpigii Mama simu kumkagua.