Mama Mdogo na Mfalme Wake

Msiba haujamaliza wiki, na mama mdogo amejikunja kwenye kochi la marehemu dada yake, anasoma sehemu ya pili ya ile riwaya ya mapenzi ya kifalme. Kaburini hakutoa chozi. Sasa anamlilia mshonaji aliyeachwa na mfalme, analamba kidole, anafunua ukurasa, anachekea puani. Binti wa marehemu anamtazama juu ya kitabu cha sala. Mtu mzima ovyo!

“Mama mdogo, humwogopi hata Mungu?”

“Sehemu ya kwanza nilimsomea mama yako akiwa mgonjwa kitandani. Amekufa hajajua kama mfalme atamrudia yule mshonaji.”

Binti anafunga kitabu chake.

“Basi soma kwa sauti. Huyo mfalme wako mpumbavu kamwoa nani?”