Ng'ombe Themanini na Saba wa Delmar Rask

Huku kwetu magharibi ya Dakota Kusini, Marekani, kumuuliza mtu ana ng'ombe wangapi ni kama kumtia mkono mfukoni. Delmar Rask alikuwa mkali kuliko wote kwa hilo. Alizaliwa katika nyumba aliyoijenga babu yake, akafuga hapohapo miaka yake yote sitini na mmoja. Hata mkewe Arlys alipoulizwa kanisani, alijibu tu, "Wanatutosha."

Mwaka huu dhoruba ilikuja mapema Oktoba, ng'ombe hawajaota manyoya ya baridi. Mvua iliwalowesha kutwa nzima, kisha ikageuka theluji. Waliupa upepo mgongo wakatembea mpaka kijitoni, wakafia humo wamelaliana. Delmar aliwafukia kwa trekta siku tatu mfululizo ili Arlys asiwaone. Hakupiga picha hata moja.

Serikali ikatangaza fidia ya dharura kwa wafugaji, mwisho wa kuandikisha Ijumaa. Jumatano Delmar alikwenda ofisi ya wilaya. Karani alikuwa Janelle, aliyesoma na binti yake.

"Waliokufa wangapi, Bwana Rask?"

"Themanini na saba."

"Picha?"

"Nimewazika. Ulitaka niwapambe kwanza?"

"Basi lete mtu asiye ndugu yako wala mfanyakazi wako, aape ulikuwa na wangapi kabla ya dhoruba."

"Hakuna ajuaye."

"Hata jirani?"

"Jirani yangu ni mtu wa heshima zake."

Jirani huyo ni mimi. Alhamisi asubuhi alisimama mlangoni kwangu, kofia mkononi, akakataa kuketi. Bila fidia hatanunua mitamba, na bila mitamba shamba litauzwa kabla ya majani kuota.

"Ardith, nitakutajia idadi, wewe useme uliijua. Sijawahi kukuomba kitu."

"Siwezi kuapia la kuambiwa, Delmar."

"Basi mimi na Arlys tumekwisha."

Akageuka kuondoka. Ndipo nilipoleta daftari. Kila Mei, alipofungua lango kuwapeleka malishoni, nilisimama dirishani jikoni nikawahesabu, nikaandika humo kando ya kiasi cha mvua. Hakuna aliyenituma.

Alisoma amesimama. Mwaka huu: majike mia moja na kumi na saba. Akafunua nyuma, na nyuma zaidi.

"Miaka kumi na tisa?"

"Kumi na tisa."

"Mwaka wa ukame umeandika sitini na wanane tu."

"Ndiyo."

"Na mnadani nikawaambia watu sijauza hata mmoja. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukacheka?"

"Sikucheka."

Shingo ilimgeuka nyekundu. "Bora ungeniibia," alisema. Kisha akaenda kukaa ndani ya pikapu yangu, akanisubiri.

Ofisini wafugaji wawili walikuwa benchini wakingoja zamu. Janelle alihitaji nakala ya kila ukurasa, akaanza kusoma miaka na idadi kwa sauti.

"Soma kimoyomoyo, mwanangu," Delmar akasema. "Nakuomba." Sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo.

Janelle akanyamaza, akanakili. Mwisho akasema daftari linatosha kuwa ushahidi, lakini malipo huenda yakafika miezi ya mbele; haahidi.

"Mnada wa mitamba ni wiki ijayo."

"Najua, Bwana Rask. Mimi sina uwezo." Akanigeukia. "Na waliobaki?"

"Ishirini na tisa," nikasema. "Niliwaona juzi."

Alipiga hesabu pembeni mwa fomu. "Basi waliokufa ni themanini na wanane. Bwana Rask ameandika themanini na saba. Hazilingani, siwezi kuipeleka hivi."

Delmar aliwatazama wale wawili benchini. Walikuwa wanatazama buti zao. Akavua kofia.

"Waliobaki ni thelathini," akasema, kwa sauti ya kusikika chumba kizima. "Mmoja yuko zizini. Kwato zimeganda, hawezi kusimama. Sidhani kama atapona."