Mwatum Ndani, Bakar Barazani

Harusi za wanawake pale Tibirinzi hupigwa picha na Mwatum Ahmada, video zake hukatwa na Mwatum huyohuyo, na jicho la mwanamume haliingii hapo. Zamani alikuwa mshonaji, mtu wa kufungua cherehani nzima ili ajue kwa nini sindano imeruka mshono mmoja. Aliiuza cherehani akanunua kamera, lakini udadisi alibaki nao.

Siku hiyo alikuwa mbioni. Khairiya, biharusi wa juzi, alikuwa anasafiri na mumewe jioni. Bibi yake, Bi Kijakazi, aliyelazwa nyumbani kwa paja lililovunjika, alitaka jambo moja tu: aitazame harusi aliyoikosa, mjukuu kakaa ubavuni pake. Mwatum akafungua kompyuta, akaandika amri ya kuunganisha vipande vya video. Skrini ikajibu kuwa amri haikupatikana. Akaandika ls, ile ya kuonesha mafaili, ambayo huiandika kutwa mara chungu nzima. Haikupatikana.

"Yarabi! Jana si ilikuwapo?"

Akamwita Bakar, jirani anayefundisha kompyuta skuli, ndiye aliyemwekea mfumo wa Linux kwenye kompyuta yake. Bakar akaja mbio, akakaa barazani, mlango nusu wazi, mgongo ukutani. Kompyuta yenye harusi ndani yake mwanamume haisogelei. Ahadi hiyo Mwatum aliwapa akina mama wote.

"Andika echo, halafu jina lako, Bi Mwatum."

"Imeandika Mwatum!" Haraka ikamtoka kidogo. "Kwani hii imetii, ile ls imekataa kwa nini?"

"Echo imo ndani ya hiyo shell, programu unayoiandikia amri. Ls ni programu ya nje, lazima itafutwe kwenye mafolda, na shell hutafuta pale ilipoambiwa tu. Hebu andika echo $PATH, ndiyo orodha ya mafolda hayo, unisomee."

Lilikuwamo folda moja, lile la kazi zake. Jana alitaka kuliongeza kwenye orodha hiyo. Kumbe alikuwa ameliandika peke yake na kuyafuta humo majina yote ya zamani.

"Basi programu zenyewe zipo?"

"Zipo palepale, nyingi kwenye folda la /usr/bin."

"Na mie nikiziita kwa anwani nzima? Usin'ambie, ngoja!"

Akaandika /usr/bin/ls. Mafaili yakajipanga, naye akacheka peke yake kwa furaha. Kwa njia hiyohiyo akafungua faili la mipangilio, akaiandika $PATH, yaani orodha ya zamani, mbele ya folda lake, akafungua dirisha jipya la amri. Kila amri ikaitika, hata ile ya kuunganisha vipande. Bakar akaaga hukohuko nje.

Kabla ya adhana ya alasiri kompyuta ilikuwa juu ya kigoda, kando ya kitanda cha Bi Kijakazi, na Khairiya kakaa ubavuni pa bibi yake. Kwenye skrini, ngoma, vigelegele, Khairiya jukwaani macho chini. Mara akayainua, akautazama mlango, akautazama kwa muda mrefu.

"Rudisha hapo, mwanangu," akasema Bi Kijakazi.

Mwatum akarudisha.

"Ulikuwa ukimtazamia nani?" bibi akamuuliza mjukuu wake.

Khairiya akamshika mkono. "Weye, bibi."