Emil Dzurko na Jicho la Nembo

Askari mwenzangu Emil Dzurko alikaa kazini miaka ishirini na saba bila kupanda cheo hata kimoja. Vijana aliowafundisha kazi wakawa masajini wake, naye akawapigia saluti bila kununa. Mimi ningenuna, nasema kweli.

Heshima yake ilikuwa moja tu. Katika tawi letu la chama cha undugu wa polisi, hapa kwenye mji wa viwanda vya chuma, kila walipoapishwa wanachama wapya, Emil ndiye aliyesimama jukwaani kueleza nembo. Usicheke. Siku hiyo alikuwa ananyoa ndevu mara mbili, mkewe Verna anamtania, "We Emil, unaoa tena?" Akipanda, anaweka kidole kwenye nembo iliyotundikwa ukutani. Nyota ya pembe tano ni beji: umepewa na watu wa mji, na wanaweza kukunyang'anya. Mikono miwili iliyoshikana: mwenzako akianguka, humwachi chini. Halafu jicho, liko wazi kabisa. "Hili halifumbi," anasema. "Linamwangalizia hatari mtu asiyejua kama yuko hatarini." Nimemsikia mara kumi na tisa, na kila mara mwili ulinisisimka.

Nembo hiyohiyo tuliibandika kwenye bampa la nyuma la magari yetu. Si kwa mapenzi tu, tusidanganyane. Askari wa barabarani akiiona, alikuwa anakupungia mkono uende zako.

Basi, mwezi wa tatu mwaka 1987, asubuhi, nimechelewa kazini na nimeamka vibaya, nikalipita basi la shule limesimama, taa zake nyekundu za kuzuia magari yasipite zinawaka. Emil alikuwa pale kona. Akanisimamisha.

"Habari za asubuhi, Dom. Leseni."

"Acha utani bwana, Emil. Ni mimi!"

"Nakuona ni wewe. Leseni."

"Kwani bampa hukuliangalia?"

"Nimeliangalia," akasema, huku anaandika.

Lo, nilivyopandwa na hasira! Kosa la basi la shule si mchezo, leseni inazuiwa siku sitini, na mimi kazi yangu ilikuwa kuendesha gari la doria. Nikaenda moja kwa moja kwa Gus Brannigan, mwenyekiti wa tawi, nikamwambia nitakana mashtaka. Desturi ilijulikana: askari aliyekuandikia asipotokea mahakamani, kesi inakufa yenyewe.

Gus akamwita Emil mbele ya kikao. "Hatukuombi useme uongo, kaka. Siku hiyo umwa tu. Tumbo."

"Tumbo langu zima, Gus."

Watu wakacheka. Gus hakucheka. "Ukienda kule, nembo utamweleza Verna jikoni. Hapa hupandi tena."

"Jicho gani hilo la kuchungulia wenzako?" mtu akapiga kelele. Mwingine akasema msaliti. Nami, Mungu anisamehe, nilipiga meza kuwaunga mkono. Emil alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga.

Jumatatu akaja mahakamani, sare imepigwa pasi. Hakimu, mama mmoja asiye na haraka, akamwambia aeleze alichoona.

"Mtoto wa kike alikuwa anavuka mbele ya basi, mheshimiwa. Miaka sita hivi. Dereva wa basi alipiga honi, mtoto akaruka nyuma, akaanguka. Gari lilipita hatua moja kutoka miguuni pake."

Hakimu akanigeukia. "Ulimwona?"

Mtoto gani? Honi niliisikia, nikaitukana. "Sikumwona, mheshimiwa," nikasema. "Nina hatia."

Nje nikamkamata Emil koti. "Kwa nini hukuwaambia kikaoni? Ungemtaja huyo mtoto, nani angekuzomea?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Wangekuzomea wewe." Akavaa kofia yake. "Hakimu ilikuwa lazima ajue. Lakini wale unakula nao samaki kila Ijumaa ya Kwaresima, Dom. Ungekula na nani?"

Jioni hiyohiyo jukwaa akapewa mtu mwingine, anayesoma maelezo ya nembo kwenye karatasi.

Ijumaa ukumbi wa tawi ulijaa watu waliokuja kula samaki. Nilisimama na sahani yangu mkononi nikawaeleza kila kitu mwenyewe, mtoto, honi, na kwamba Emil alijua na akanisitiri. Hakuna aliyezomea. Gus aliinamia chakula chake. Nilipokaa, wenzangu wa mezani wakaanza kuondoka mmoja mmoja, huyu anafuata chumvi, huyu anafuata kahawa, na hakuna aliyerudi. Nikala peke yangu mpaka Emil na Verna walipokuja na sahani zao wakakaa.