Bili ya Umeme Ambao Haujawaka

"Tangu lini pasi moja ikala umeme wa nyumba nzima?" Mama Pasi alimuuliza mama mwenye nyumba, bili ikiwa imetandazwa kati yao juu ya meza ya kupigia pasi. "Hilo friji lako linalonguruma kama lori, lenyewe linakula upepo?"

"Friji nilikuwa nalo mwaka jana, na bili haikuwa hivi."

"Na mimi mwaka jana nilinyoosha mashuka kwa kuyakalia?"

Bili ilikuwa mara tatu ya kawaida. Katika nyumba ile wapangaji waligawana umeme kwa kuhesabu taa, na pasi yake ilihesabiwa kama taa tatu. Alilipa bila kinyongo, kwa kuwa ndiyo iliyomlisha: mashuka hamsini ya nyumba ya wageni kila wiki. Sasa mama mwenye nyumba alitaka alipe nusu ya bili peke yake, la sivyo Ijumaa achomoe pasi moja kwa moja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bila pasi hakuna mashuka, na bila mashuka kodi ya chumba ingetoka wapi?

"Lisemwalo lipo," alidakia kinyozi wa chumba cha pili, ambaye hakuulizwa.

"Wewe mashine zako zinanyoa kwa dua?"

Aliyenyamaza ni Karani, mzee wa chumba cha mbele aliyestaafu kutunza ghala. Msoma mita hakuwa akiingia ndani tangu bata bukini wa mama mwenye nyumba amng'ate paja. Basi kila mwisho wa mwezi Karani alisoma mita pale ukumbini, akaandika namba kwa chaki getini, na msoma mita akainakili akiwa barabarani, akaenda zake.

Kesho yake Mama Pasi alipanda kigoda na bili mkononi. Shule aliishia darasa la saba, lakini namba hazikumpiga chenga. Mita ilisema 6204. Bili ilisema 6981. Akakifuta kioo kwa upindo wa nguo, akatazama tena. Vilevile.

Akawaita wote.

"Mita yenyewe haijafika huko. Tunadaiwa umeme ambao haujawaka. Mzee, hebu tusomee."

Karani aliinua uso. "Elfu sita, mia tisa themanini na moja."

"Hiyo umeisoma kwenye mita au kichwani?"

"Kioo kina ukungu."

"Nimekifuta sasa hivi."

Mzee akakivuta kigoda, akakaa. "Basi ukungu uko machoni, mwanangu. Tangu mwezi wa nne nakadiria. Ghalani ukiagiza mali bila kuhesabu unazidisha kidogo, isije ikapungua. Mwezi huu nikahisi nimebaki nyuma, nikaongeza mkupuo."

Kinyozi akaanza kucheka. Mama Pasi akamkata jicho. Yeye mwenyewe alikuwa na maneno ya kutosha wiki nzima, yamemjaa hadi kwenye fizi, na hapakuwa na wa kumtupia. Mzee wa watu alikuwa amekaa, anafuta vidole kama bado vina chaki.

"Na ulinisikia nikisulubiwa jana, ukakaa kimya."

"Niliona aibu."

"Aibu yako ilitaka kunifukuza chumbani, mzee."

Alhamisi akaenda ofisi ya umeme na picha ya mita kwenye simu ya kinyozi. Dirisha la tatu wakamtuma la kwanza, la kwanza wakamrudisha la tatu, na wa la tatu alikuwa amekwenda kunywa chai. Alitoka alasiri na bili mpya, ndogo kuliko hata ya kawaida. Mama mwenye nyumba aliipokea kwa vidole viwili, akaanza kusifu weupe wa mashuka. Habari ya kuchomoa pasi hakuitaja tena, wala samahani haikumtoka.

Jioni Karani akabisha hodi, akamwekea hela mezani, anazipapasa moja moja.

"Nauli yako, na nusu siku ya kazi niliyokupotezea."

Mama Pasi akachukua nauli, nyingine akazisukuma zikarudi.

"Nauli umelipa. Nusu siku nimekusamehe. Jumatatu nakupeleka ukapimwe macho, na shati ulete leo nilinyooshe. Siongozani na mtu mwenye mikunjo."